Ajali Haina Kinga, Lakini Mkanda Upo

Ajali haina kinga, walisema wazee wetu, na neno hilo halina ubishi. Tabu ni jinsi tunavyolitumia siku hizi. Mtu akiambiwa afunge mkanda ndani ya matatu hujibu, "Wacha bwana, ajali haina kinga." Mama akiambiwa asimpakate mtoto kwenye kiti cha mbele, jibu ni hilo hilo. Methali iliyokuwa ya kumliwaza aliyefikwa na msiba imekuwa kisingizio cha yule ambaye bado hajafikwa.

Sisi Waislamu jambo hili tulishafundishwa. Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake: amfunge, au amwache huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu? Akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Leo wengi wetu hatuna ngamia. Tuna Probox, Nissan za abiria 14 na mabasi ya usiku. Kamba ya kufungia ipo pale ubavuni mwa kiti, nasi twaikalia.

Naandika haya nikiwa Kiamunyi, mtaa ulio nje kidogo ya jiji la Nakuru, kwenye barabara iendayo Kabarak. Msomaji wa Mombasa au Lamu ataniuliza Kiamunyi yamhusu nini. Yamhusu sana. Vijana wetu wa Pwani wanasoma huku, wengine Chuo Kikuu cha Kabarak, wengine Egerton kule Njoro. Wapo waliooa huku, na wapo wenye biashara. Ukiwa Kisauni unasubiri simu ya mwanao kwamba amefika salama, ujue kwamba amefika kwa barabara hizi.

Na barabara hizi tunazijua kwa majina ya misiba. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafariki. Oktoba 2018 basi lilipinduka Fort Ternan, Kericho, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Tarehe 30 Machi 2023, zamu ikawa yetu: basi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, waliokuwa wakielekea Eldoret kwa michezo, lilipata ajali eneo la Kayole, Naivasha, na zaidi ya watu kumi wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Simsemi yeyote katika hao kwamba alifunga mkanda au hakufunga. Nasema tu kwamba sisi tulio hai bado tuna nafasi ya kujifunza namna ya kuketi ndani ya gari.

Gari likisimama, wewe husimami

Watu wengi hudhani kwamba ajali ni gari kugonga kitu. Kwa aliye ndani kuna mgongano wa pili. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo matatu hairuhusiwi kuipita, nawe unakwenda kasi hiyo hiyo. Kila sekunde mnakwenda mita 22. Gari likivaa lori lililoharibika barabarani usiku, gari litasimama, lakini mwili wako hauna habari. Utaendelea mbele kwa kasi ile ile mpaka ukutane na usukani, kioo cha mbele, au kisogo cha mtu aliyeketi mbele yako.

Tuifanyie hesabu. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa bila mkanda ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Huo ni mnazi mrefu. Kwa kilomita 80 kwa saa ni kama mita 25, yaani ghorofa ya nane. Hakuna mgema anayejiachia kutoka juu ya mnazi akitumaini kwamba atajizuia kwa mikono. Lakini abiria wengi husema hivyo hivyo: "Nitashika kiti cha mbele."

Kazi ya mkanda ni kukufanya usimame pamoja na gari, na kuuhamishia mshtuko kwenye mifupa iliyo na nguvu: nyonga, kifua na bega. Mkanda wa sehemu tatu tunaoujua leo ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Volvo, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa walio ndani ya gari kwa hadi nusu. Nusu, ndugu msomaji, kwa kitu ambacho tayari umekilipia ulipolipa nauli.

Aliyeketi nyuma naye asijidanganye. Asipofunga mkanda, gari likigonga yeye hugeuka mzigo unaorushwa, na mara nyingi anayeumizwa ni yule wa kiti cha mbele aliyefunga wake. Ukikataa kufunga, umeamua pia kwa niaba ya jirani yako.

Kuna hofu nyingine niisikiayo sana: "Gari likiwaka moto mkanda utaninasa." Ajali nyingi hazina moto. Na ukitokea moto, anayeweza kutoka ni yule ambaye bado ana fahamu zake. Mkanda hufunguliwa kwa kidole kimoja. Lakini aliyegonga kichwa akazimia, hata mlango ukiwa wazi hatoki.

Unavyofungwa

Kufunga mkanda vibaya ni karibu sawa na kutofunga. Kipande cha chini kipite juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa ya tumbo. Kikipanda juu ya kitovu, siku ya ajali kitabana matumbo badala ya mifupa. Kipande cha juu kipite katikati ya bega na kifua, mbali na shingo. Usikipitishe chini ya kwapa kwa sababu kinakukera, wala usikitupe nyuma ya mgongo. Kikiwa chini ya kwapa huvunja mbavu. Kikiwa nyuma ya mgongo, umebaki na nusu ya mkanda.

Hakikisha mkanda haujajisokota, na umesikia mlio wa kifungio kikishika. Kisha vuta kipande cha juu ili kuondoa ulegevu. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Kuwafunga watoto wawili kwa mkanda mmoja, au mzazi na mtoto, ni kuwafanya wagongane wao kwa wao.

Kwa wenye gari: kabla ya kununua gari lililotumika, vuta kila mkanda mpaka mwisho. Angalia kama umechanika au nyuzi zimetoka, uachie uone kama unarudi, kisha uuvute kwa ghafla uone kama unakaza. Mkanda uliopitia ajali kubwa hubadilishwa, haushonwi kwa fundi wa viatu. Na ile tabia ya kununua kipande cha chuma cha kuchomeka kwenye kifungio ili gari liache kupiga kengele, sijui tunamdanganya nani. Gari halifi.

Buibui, koti na ujauzito

Hapa nazungumza na dada na mama zetu, maana miongozo mingi ya barabarani haikuandikwa na mtu anayejua buibui. Wapo wanaoacha mkanda kwa sababu unabana kifua na kuonyesha umbo. Haya ni jambo jema na lina njia yake. Funga mkanda kwanza, uvute ukae sawa, kisha tandaza mtandio au ushungi wako juu yake. Acha kifungio kule chini kikiwa wazi ili uweze kukifikia haraka. Usiruhusu kitambaa kijikusanye chini ya mkanda mapajani, kinyooshe kwanza. Na pini za hijabu zisikae pale mkanda unapopita.

Huku Kiamunyi kuna jambo jingine: baridi. Mtu wa Pwani akifika Nakuru mwezi wa Julai huvaa koti zito juu ya kanzu au buibui. Mkanda juu ya koti nene huonekana umekaza, kumbe unabana sufu. Fungua koti, pitisha mkanda ndani karibu na mwili, kisha ufunike.

Mjamzito naye afunge mkanda, tena yeye zaidi. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na cha juu kipite katikati ya matiti na ubavuni mwa tumbo. Kisipite juu ya tumbo lenyewe. Kinachomlinda mtoto aliye tumboni ni kumlinda mama.

Mapajani si mahali pa mtoto

Hili ni gumu kulisema kwa sababu kumpakata mtoto ni mapenzi. Lakini hesabu haijui mapenzi. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, anakuwa mzito kama mzigo wa kilo 140 hivi. Hiyo ni zaidi ya gunia la mahindi. Hakuna mama wala baba, hata awe kuli wa bandarini, awezaye kulidaka gunia hilo kwa mikono miwili bila kutarajia.

Mwenye gari lake atafute kiti cha mtoto na akifunge nyuma. Mtoto mchanga aelekezwe nyuma ya gari, mgongo wake ukitazama mbele, kwa muda wote ambao uzito ulioandikwa kwenye kiti unaruhusu. Sababu ni kwamba kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake ni changa. Akiwa ameelekea nyuma, kiti chote humpokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kiti cha aina hiyo kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule hufumuka kwa nguvu na unaweza kumuua mtoto hata katika ajali ndogo ambayo wakubwa wangetoka wazima. Mtoto mkubwa kidogo ambaye mkanda bado unampita shingoni anahitaji kiti cha kumwinua, mpaka mkanda ukae begani na nyonga.

Na asiye na gari? Wengi wetu ndio hao. Kama mtoto anaweza kuketi peke yake, mlipie kiti chake na umfunge mkanda, hata kama ni wa kiunoni tu. Najua nauli ni kitu, lakini ndipo pesa inapopaswa kwenda. Mwenye kichanga akae safu ya katikati, asikae mbele kwa dereva, ajifunge mkanda yeye kwanza na mtoto abaki nje ya mkanda huo ili asibanwe. Sisemi kwamba hapo mtoto yuko salama. Nasema ni afadhali kuliko kukaa mbele.

Wazazi wa Kiamunyi wenye watoto wanaobebwa na gari la shule wana swali moja la kuuliza wiki hii: watoto ni wangapi, na mikanda ni mingapi? Nimeona gari dogo la shule likipita asubuhi, watoto wamepangwa kama dagaa na wawili wamesimama kati ya viti wakiangalia mbele. Mzazi aliyelipia usafiri ana haki ya kulifungua gari na kuhesabu.

Kiti nacho kina adabu yake

Dereva aketi wima, mgongo umegusa kiti, magoti yamekunjika kidogo hata anapokanyaga breki mpaka mwisho. Kifua kiwe mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi, ili mfuko wa hewa upate nafasi ya kufumuka. Kiegemeo cha kichwa kiinuliwe mpaka juu yake pafikie usawa wa utosi, na kiwe karibu na kisogo. Wengi hudhani kimewekwa cha kulalia. Kazi yake ni kuizuia shingo isikatike ukigongwa kutoka nyuma.

Abiria wa mbele anayelaza kiti ili apate usingizi kutoka Nakuru mpaka Mombasa ajue kwamba mkanda wake hauna kazi tena. Gari likigonga, atateleza chini ya mkanda na utamkaba tumboni au shingoni. Vivyo hivyo kuweka miguu juu ya dashibodi: mfuko wa hewa ukifumuka, magoti yatakuja usoni.

Kisha kuna "sambaza", yaani kuwabandika abiria katikati ya viti, wengine kwenye kibao. Kuna na zile Probox ambazo dereva hukalia nusu ya kiti na abiria nusu, na kwenye buti wamo wengine. Aliyekaa kwenye buti hana kiti, hana mkanda, na mlango wake haufunguki kutoka ndani. Ukiambiwa "songa kidogo, kuna nafasi," nafasi ya kweli ni ile yenye mkanda.

Mlango: bodaboda hukuoni

Kenya tunaendesha kushoto. Mlango wa dereva hufunguka upande wa magari yanayopita, na mlango wa abiria hufunguka upande wa ukingo wa barabara. Tungedhani basi kwamba abiria ana amani. Lakini kwenye barabara ya Kabarak asubuhi, foleni ikijaa, bodaboda hupita pale pale kushoto kati ya matatu na mtaro. Mlango unafunguliwa, abiria anashuka akiwa na simu mkononi, na pikipiki ndiyo hiyo.

Kuna mazoea mepesi kutoka Uholanzi, nchi ya baiskeli nyingi, ambayo Uingereza nayo iliyaingiza katika mwongozo wake wa barabara mwaka 2022. Fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Dereva wa huku atumie mkono wa kushoto, abiria wa upande wa kushoto atumie wa kulia. Ukifanya hivyo mwili wako unageuka wenyewe na macho yanatazama nyuma kabla mlango haujafunguka. Fungua kidogo, angalia, kisha ushuke. Watoto washukie upande wa kushoto siku zote.

Milango ya nyuma ya magari mengi ina kitufe kidogo pembeni, pale mlango unapofungia, ambacho ukikisukuma mlango haufunguki kutoka ndani. Hiyo ni loki ya watoto. Iwashe kama unabeba watoto, kisha kaa nyuma mwenyewe, ufunge na ujaribu kufungua, upate uhakika. Kabla ya kufunga mlango wowote, tazama vidole kwenye bawaba na kwenye fremu. Tazama pia pindo: buibui, kanga au mkanda wa begi ukibanwa nje na gari likaondoka, unaweza kumvuta mtu. Kwenye tuktuk za kwetu hatari ni kubwa zaidi kwa sababu pindo liko karibu na gurudumu. Likusanye mapajani kabla dereva hajaondoa mguu kwenye breki.

Mlango usioshika vizuri usiufungue na kuubamiza gari likienda. Mwambie dereva asimame. Na kondakta anayening'inia mlangoni, mwili nusu nje, anaonekana shujaa mpaka siku dereva atakapokwepa shimo.

Vioo

Huku Kiamunyi asubuhi vioo vyote hufungwa kwa baridi, na pumzi za watu 14 hufanya ukungu ambao dereva hufuta kwa kiganja. Acha kioo kimoja kiwe wazi kidogo. Dereva akiona, wote wamefaidi, hata kama pua zimepata baridi.

Pwani shida ni kinyume chake. Mtoto hutoa kichwa na mikono nje kutafuta upepo. Tawi, kioo cha lori linalopishana nanyi, au mtu aliyebonyeza swichi ya kioo bila kuangalia, vyote vinaweza kumdhuru. Vioo vya umeme vina nguvu ya kubana shingo ya mtoto. Kwenye mlango wa dereva kuna swichi ya kuzima vioo vya nyuma. Itumie, na usiache ufunguo ndani ya gari lenye mtoto.

Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika moja ya kununua mkate. Gari likiwa juani, ndani ya dakika 10 joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi, na mwili wa mtoto hupata joto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Ndugu zetu walio Muscat na Dubai wanalijua hili vizuri. Mombasa ya Februari haiko mbali nao.

Kwa wapanda mabasi: ukiketi tu, tafuta kwa macho mlango wa dharura na kioo cha kutokea. Kama begi au gunia limeziba njia, sema. Ukilazimika kuvunja kioo, piga cha ubavuni, kwenye kona, kwa kitu chenye ncha. Kioo cha mbele kimetengenezwa kisisambaratike, na utapoteza nguvu zako bure.

Pale mkanda unapofunguliwa kwanza

Watu wa Pwani hatuwezi kuzungumzia milango na vioo tukaisahau Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kuzama kivukoni likiwa na mama na binti yake mdogo. Ilichukua karibu wiki mbili kuwapata. Hakuna nyumba ya Mombasa ambayo haikulia.

Ndani ya feri, dereva avute handibreki, aache gari kwenye gia, azime injini na kushusha vioo vyote. Mkanda ufunguliwe wakati gari limesimama juu ya feri, na ufungwe tena kabla ya kushuka. Gari likiingia majini, iwe baharini au kwenye mto uliofurika, huelea kwa muda mfupi tu, na muda huo ndio wa kutumia. Usihangaike na mlango, kwa sababu maji yanayousukuma kutoka nje yana nguvu kuliko wewe, na ukifunguka gari huzama haraka. Fungua mkanda, shusha au vunja kioo cha ubavuni, watoe watoto, kisha utoke. Simu utapiga ukiwa nje.

Mkanda si wa askari

Sheria ipo. Tangu kanuni za waziri John Michuki zianze kutumika Februari 2004, kila kiti cha matatu kinatakiwa kuwa na mkanda, na gari liwe na kidhibiti mwendo. Novemba 2018 waziri Fred Matiang'i alianzisha tena msako, na kwa wiki chache tukaona mikanda mipya. Faini ya abiria asiyefunga, katika orodha ya makosa madogo ya mwaka 2016, ni Sh500.

Lakini tazama tunavyoifuata. Kondakta hupiga kelele "fungeni mikanda" gari likikaribia kizuizi cha polisi, abiria huishika mikanda mkononi kama tasbihi, na tukishapita kila mtu huiachia. Tumefunga kwa ajili ya askari, na askari hayumo ndani ya gari litakapopinduka.

Malalamiko ya abiria nayo ni ya haki. Mikanda mingi ya matatu ni michafu, inanuka, na vifungio vingine havishiki. Mwenye gari anayefua viti na kuweka muziki wa maelfu ya pesa anaweza kufua mikanda kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu. Abiria naye ana kauli. Ukikuta mkanda haushiki, mwambie kondakta kabla ya kulipa, kwa upole, na kama kuna gari jingine steji panda hilo. Watu watano wakifanya hivyo asubuhi moja, jioni fundi ataitwa. Kinachowafanya wenye matatu wasitengeneze ni kwamba hatuulizi.

Kuna na lile neno la "ni hapa tu". Kutoka Kiamunyi mpaka mjini Nakuru ni safari fupi, kama ilivyo kutoka Bombolulu hadi Mwembe Tayari. Lori lililokatika breki halijui kama wewe ulikuwa unashuka kituo cha mbele.

Kesho asubuhi, ukiingia garini, soma dua yako ya safari kama kawaida. Kabla ya kuimaliza, mkono wako uwe umeshaufikia mkanda. Umfunge na mtoto wake wake. Kisha umgeukie aliye kando yako, hata kama humjui, umwambie, "Ndugu yangu, jifunge." Akikujibu kwamba ajali haina kinga, mjibu kwamba ni kweli, na ndiyo sababu tunafunga.